Ramani ya kilomita tano, ujuzi wa kilomita mia

Fungua faili lolote la mvua lililotoka kwenye modeli ya tabianchi, utakutana na namba kama 0.00005. Haijakosewa. Hiyo ni mvua, ila imeandikwa kwa kilo za maji zinazodondoka juu ya mita moja ya mraba kila sekunde. Kilo moja ya maji ikitandazwa kwenye mita moja ya mraba inafanya kina cha milimita moja, kwa hiyo unazidisha kwa sekunde 86,400 za siku nzima na unapata milimita 4.32 kwa siku. Asiyelijua hili huleta grafu inayoonyesha bara zima limegeuka jangwa. Anayezidisha mara mbili huleta gharika ya Nuhu.

Naanza na namba hii kwa sababu ramani zote za rangi tunazoonyeshwa, nyekundu kwa ukame na buluu kwa mafuriko, zimetokana na namba kama hiyo iliyopita mikono mingi: modeli ya dunia, modeli ya kikanda, marekebisho ya kitakwimu, kisha modeli ya mto au ya shamba. Kila mkono unaongeza kitu na kupoteza kitu. Ramani ya mwisho inaweza kuwa na miraba ya kilomita 5 kwa 5, mtu akaikuza mpaka akaliona bonde moja moja. Lakini mraba wa kilomita 5 hauna maana kwamba yupo anayejua kitakachotokea ndani ya kilomita hizo 5. Mara nyingi ujuzi wenyewe bado ni ule wa kilomita 100, umepakwa tu rangi laini zaidi.

Kisanduku kimoja, joto moja

Modeli ya dunia hugawa angahewa na bahari katika visanduku. Katika CMIP6, mradi wa kimataifa wa kulinganisha modeli za dunia, ambao matokeo yake yalitumika sana kwenye Ripoti ya Sita ya Tathmini ya IPCC (jopo la kiserikali la mabadiliko ya tabianchi), modeli nyingi zina visanduku vya upande wa kilomita 100 hadi 250 hivi, vilivyopangwa tabaka juu ya tabaka. Ndani ya kila kisanduku kuna joto moja, unyevu mmoja, upepo mmoja. Milinganyo ya mwendo wa hewa, joto na maji inatatuliwa kwa hatua fupi ya muda, kisha nyingine, kisha nyingine, hadi mwaka 2100.

Sasa chukua Ziwa Victoria, lenye kilomita za mraba 68,800 hivi. Kwa visanduku vya kilomita 100, ziwa lote ni visanduku saba, tena kama vimeangukia vizuri. Kwa visanduku vya kilomita 200, havifiki viwili. Usiku upepo wa nchi kavu hutoka pande zote kuelekea katikati ya ziwa, hewa inakutana, inapanda, na dhoruba za ngurumo zinazowaua wavuvi zinazaliwa hapo kabla ya mapambazuko. Modeli yenye visanduku viwili haina pa kuuweka upepo huo. Kilimanjaro nao, na mita zake 5,895, unasawazishwa na tambarare zinazouzunguka mpaka unabaki mwinuko wa kawaida usio na theluji wala msitu wa ukungu.

Wingu la ngurumo lina upana wa kilomita chache tu, kwa hiyo modeli hailioni kabisa. Inalikisia kwa kanuni: hewa ya chini ikiwa na joto na unyevu kiasi hiki, nyesha kiasi hiki. Kanuni hizi ndizo chanzo cha maumivu mengi. Jua likipanda zinachochewa mapema mno, hivyo modeli inanyesha adhuhuri wakati mvua halisi ya nchi kavu ya tropiki hushuka alasiri na jioni. Pia inanyesha manyunyu karibu kila siku, badala ya siku tano kavu na dhoruba moja. Jumla ya mwezi yaweza kuwa sahihi kabisa huku hakuna hata siku moja iliyo sahihi. Mkulima na mhandisi wa mitaro wote wawili wanaishi kwa siku. Jumla ya mwezi haiwasaidii sana.

Je, modeli hizi hazina maana? Zina maana kubwa. Mwaka 1967 Syukuro Manabe na Richard Wetherald walitumia modeli ya nguzo moja tu ya hewa, bila mabara wala mawimbi, wakapata kwamba kuongeza maradufu hewa ya ukaa kunapasha uso wa dunia kwa nyuzijoto 2.3 hivi. IPCC leo inaweka makadirio yake bora kuwa 3, na upana unaoelekea kuwa wa kweli kati ya 2.5 na 4. Nchi kavu kupata joto kuliko bahari, Aktiki kupata joto kuliko kwingine, hewa kubeba mvuke zaidi kwa asilimia 7 hivi kwa kila nyuzijoto moja: haya yanatokana na fizikia isiyohitaji kuliona bonde. Yanayotegemea upepo utageukia wapi na mvua itasimama wapi ni habari nyingine, na hayo ndiyo watu wa mikoani wanayouliza.

Modeli ndani ya modeli

Dawa inayotumika zaidi ni modeli ya kikanda. Unakata kipande cha dunia, unakijaza visanduku vya kilomita 50, 25 au 12, na kwenye kingo zake unailisha upepo, joto, unyevu na kanieneo kutoka modeli ya dunia, kwa kawaida kila baada ya saa 6. Ndani ya kingo inajitatulia milinganyo yenyewe, safari hii ikiiona milima na maziwa vizuri zaidi. Mradi wa CORDEX, ulioanza 2009, uliigawa dunia katika maeneo ya namna hii ili kila mtu asichore mpaka wake na matokeo yakashindwa kulinganishwa. Afrika ilianza na visanduku vya nyuzi 0.44, yaani kilomita 50 hivi, kisha ikaja 0.22. Ulaya ina 0.11.

Anayetaka kuendesha mwenyewe, kwa programu za modeli ya kikanda kama WRF au RegCM, aanze kwa kujua yanayoharibika.

Kingo ndizo za kwanza. Usipitishe ukingo juu ya mlima mrefu. Modeli ya dunia inaona hapo mwinuko wa mita 1,500, yako inaona kilele cha mita 4,000, na hewa inayoingizwa haina pa kukaa. Mawimbi ya uongo yanasambaa hadi katikati. Sogeza ukingo baharini au tambarareni. Visanduku 10 hivi vya pembeni ni vya kupunguza mshtuko, si vya kuchambua, kwa hiyo eneo unalolitaka liwe mbali navyo. Kushuka kutoka kisanduku kikubwa hadi kidogo, ndani ya WRF uwiano wa 3 kwa 1 au 5 kwa 1 ndio unaozoeleka. Anayetoka kilomita 100 akitaka kufika 4 aweke ngazi katikati.

Ya pili ni hatua ya muda. Kwa WRF kanuni ya mkononi ni sekunde 6 kwa kila kilomita ya upande wa kisanduku: kilomita 25, sekunde 150. Inatokana na sharti la Courant, Friedrichs na Lewy la mwaka 1928, kwamba hewa isivuke kisanduku kizima ndani ya hatua moja. Upepo wa juu wa mita 100 kwa sekunde unasafiri kilomita 15 katika sekunde 150, uko salama. Hatari iko wima. Hewa inayosukumwa juu na mteremko kwa mita 3 kwa sekunde inapanda mita 450 ndani ya hatua hiyo, na kama tabaka lina unene wa mita 300 hesabu inalipuka: joto la maelfu ya nyuzi, kisha alama ya kwamba hii si namba tena, kisha kimya. Dalili ni neno cfl kujirudia kwenye faili za kumbukumbu. Punguza hatua iwe sekunde 4 kwa kilomita. Kazi ikiendelea kufa mahali pale pale, lainisha ramani ya mwinuko. Ikifa tarehe ile ile kila mara hata ukibadilisha hatua, acha kuisumbua modeli. Kagua faili la kingo la siku hiyo, mara nyingi lilikatika wakati wa kupakua.

Miaka 30 kwa hatua za sekunde 150 ni hatua milioni 6.3. Ukishuka kutoka kilomita 25 hadi 5, visanduku vinakuwa mara 25 na hatua mara 5, kazi mara 125. Anayeahidi kilomita 5 kwa modeli ishirini na senario nne (njia nne tofauti za utoaji wa gesi) ama ana kompyuta kubwa sana, ama hakuendesha modeli ya kikanda, amekokotoa kwa takwimu tu. Si vibaya, ila aseme.

Udongo nao una kumbukumbu. Tabaka la juu husahau hali ya kuanzia ndani ya wiki chache, la chini huchukua mwaka au zaidi. Ukianzisha modeli na udongo mkavu kupita kiasi, msimu wa kwanza utaonyesha ukame uliouleta mwenyewe. Tupa angalau mwaka wa kwanza.

Na maziwa! Hili linastahili alama ya mshangao. Modeli ya dunia isipokuwa na joto la maji ya ziwa, programu ya kuandaa data hutafuta maji ya bahari yaliyo karibu na kuyapachika. Ziwa Victoria, lililo zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, linapewa joto la Bahari ya Hindi. Ziwa lenye joto kupita kiasi linavukiza mno, dhoruba za usiku zinaongezeka, na ramani inaonyesha mvua kubwa ambayo chanzo chake ni kosa la kujaza pengo. Suluhisho ni kutumia wastani wa joto la hewa la muda mrefu mahali hapo, au kuwasha modeli ndogo ya ziwa kama FLake. Kagua ramani ya joto la uso ya siku ya kwanza kabla hujaruhusu miaka 30 iende. Ni kazi ya dakika tano.

Ukishuka chini ya kilomita 5 hivi, kitu kingine kinatokea: unaweza kuzima kanuni ya kukisia ngurumo na kuiacha milinganyo ipandishe hewa yenyewe. Modeli ya CP4-Africa, yenye visanduku vya kilomita 4.5 kwa bara lote, ilifanya hivyo kwa vipindi viwili vya miaka 10, cha sasa na cha mwisho wa karne. Saa ya mvua ilisogea karibu na ile halisi, na mabadiliko ya mvua kali za muda mfupi, pamoja na vipindi vikavu ndani ya msimu, yalitoka makubwa kuliko kwenye modeli ya kilomita 25 iliyoendeshwa sambamba nayo. Hapo visanduku vidogo vilileta ujuzi mpya wa kweli, kwa sababu fizikia yenyewe ilibadilika. Kati ya kilomita 10 na 5 ni mahali pabaya: wingu linaonekana nusu, na kanuni inalikisia nusu nyingine, wakati mwingine mara mbili.

Ila modeli ya kikanda hairithi upepo tu, inarithi na makosa. Mvua za masika za Afrika Mashariki, Machi hadi Mei, zilipungua kuanzia miaka ya 1980 hadi takriban 2010, wakati modeli nyingi za dunia zinasema zitaongezeka karne hii. Wataalamu wanauita mkanganyiko wa Afrika Mashariki. Mojawapo ya nyuzi za maelezo inatoka mbali: katika miongo hiyo mashariki ya Pasifiki ya tropiki haikupata joto kama modeli zilivyotaka, na mpangilio huo wa joto la bahari huvuta mzunguko wa hewa kwa namna inayoikausha Afrika Mashariki. Kosa lililoanzia Pasifiki haliwezi kutibiwa kwa kupunguza visanduku juu ya nchi kavu. Litaingia kupitia kingo zile zile, kila baada ya saa 6.

Kazi ya karani, halafu marekebisho

Baada ya yote hayo modeli bado itakuwa na mwegemo, yaani kosa la kuelemea upande mmoja kila mara: nyuzi 2 zaidi, mvua pungufu kwa robo. Kabla ya kuurekebisha kuna kazi ya karani, na uzoefu wa fani hii unaonyesha kwamba matokeo mengi mabovu yanaharibikia hapa, wala si kwenye fizikia.

Kalenda. Modeli za dunia za ukoo wa HadGEM na UKESM, za Uingereza, zina mwaka wa siku 360, kila mwezi siku 30, Februari ikiwemo. CESM2 ya Marekani na NorESM2 ya Norwei hazina mwaka mrefu. Ukiichukua safu ya siku 360 na kuipachika tarehe za kalenda ya ukutani mstari kwa mstari, kila mwaka unapoteza siku 5 na robo; ikifika mwaka wa 30, mvua za Aprili zimeshahamia Novemba. Hakuna programu itakayopiga kelele. Grafu itatoka safi, na mtu anaweza kuandika ripoti nzima kuhusu misimu inayoteleza.

Longitudo. Modeli nyingi huhesabu 0 hadi 360, data nyingi za vipimo huhesabu −180 hadi 180. Eneo linalovuka mstari wa Greenwich hukatwa vipande viwili, kimoja kikapotea. Upepo wa baadhi ya modeli za kikanda uko kwenye gridi (mtandao wa visanduku) iliyozungushwa, kwa hiyo "mashariki" ya faili si mashariki ya dira mpaka uuzungushe urudi.

Vipimo. Kwa CDO, programu ya kuchakata faili za tabianchi, amri kama hii hukata eneo kisha hugeuza kuwa milimita kwa siku, ikisomwa kuanzia kulia:

cdo mulc,86400 -sellonlatbox,28,42,-12,6 pr.nc pr_siku.nc

Namba zimebadilika, lakini lebo ya kipimo ndani ya faili bado inasema kilo kwa mita ya mraba kwa sekunde. Atakayelipokea ataamini lebo na kuzidisha tena. Ile gharika ya Nuhu niliyoitaja juu huzaliwa hapa. Badilisha lebo papo hapo kwa setattribute.

Kuhamisha gridi. Mvua ihamishwe kwa remapcon, inayohifadhi jumla ya maji. Joto linaweza kwenda kwa remapbil. Unapolinganisha modeli na vipimo, peleka chenye visanduku vidogo kwenye vikubwa. Kufanya kinyume ni kujipa habari ambazo hukuzipata. Na kituo kisilinganishwe na kisanduku bila kuangalia mwinuko: kituo kikiwa mita 1,800 na kisanduku mita 1,200, tofauti ya mita 600 peke yake inaleta nyuzi 3.9 ukitumia kanuni ya nyuzi 6.5 kwa kilomita. Huo si mwegemo wa modeli.

Sasa marekebisho yenyewe. Njia inayotumika sana ni kulinganisha migawanyo. Chukua miaka 30 ya vipimo, kwa mfano CHIRPS, data ya mvua inayounganisha satelaiti na vituo, yenye visanduku vya nyuzi 0.05 tangu 1981, au vituo kama vipo vya kutosha. Chukua miaka ile ile ya modeli. Kwa kila mwezi panga siku zote kuanzia kavu hadi yenye mvua kubwa, pande zote mbili. Siku ya modeli iliyo ya mia kutoka juu inalingana na siku ya vipimo iliyo ya mia kutoka juu. Tuseme modeli ina milimita 40 na vipimo 62. Basi kila modeli ikisema 40, wewe unasoma 62. Kabla ya kupanga, ondoa manyunyu: tafuta kizingiti kinachoifanya modeli iwe na idadi ya siku za mvua sawa na vipimo, ukihesabu siku ya mvua kuanzia milimita 1.

Ni njia nzuri, na ina mitego minne.

Wa kwanza: mwaka 2070 modeli inaleta siku ya milimita 55 wakati kipindi cha mafunzo hakikuvuka 48. Hakuna mwenzake kwenye orodha. Ukitumia uwiano wa mwisho, dhoruba inakuzwa. Ukiongeza tofauti ile ile ya milimita, inabaki ya wastani. Uamuzi huo mdogo, ambao mara nyingi umejificha kwenye chaguo-msingi la programu, unaweza kuwa ndio unaoamua ukubwa wa daraja.

Wa pili: njia ya kawaida inaweza kuubadilisha mwelekeo wenyewe, modeli ghafi ikisema ongezeko la asilimia 10, iliyorekebishwa ikasema 18. Zipo njia zinazohifadhi badiliko la modeli kwa kila ngazi ya mgawanyo. Tumia hizo, kisha linganisha mwelekeo kabla na baada.

Wa tatu: joto la juu na la chini la siku yakirekebishwa kila moja peke yake, kuna siku la chini litazidi la juu. Rekebisha la juu, rekebisha na tofauti kati yake na la chini, kisha toa tofauti hiyo kwenye la juu.

Wa nne ndio mbaya kwa watu wa mafuriko. Kisanduku cha kilomita 50 kikigawiwa kwa vituo kumi na kila kituo kikarekebishwa kivyake, vyote kumi vinarithi mpangilio wa siku wa kisanduku kimoja. Vinanyeshewa siku moja, vinakauka siku moja. Katika hali halisi dhoruba hupiga vituo viwili na kuviacha vinane. Jumlisha mtoni, na utapata kilele cha mafuriko ambacho hakijawahi kuwepo.

Na kuna kisichorekebishika kabisa. Modeli inayochelewesha msimu kwa mwezi mzima itafanyiwa marekebisho mwezi kwa mwezi na wastani wake utalingana na vipimo bila dosari, kwa sababu ndivyo hesabu ilivyoundwa. Lakini mvua inayokuzwa mwezi wa kwanza wa msimu ni mabaki ya kiangazi cha modeli, na mwelekeo wake wa baadaye ni wa kiangazi pia. Modeli ya namna hiyo iache. Hukumu hii itolewe kwenye data ghafi, kwa kuwa baada ya marekebisho modeli zote zinafanana.

Kura thelathini ambazo si thelathini

Modeli moja haitoshi, hilo linajulikana. Kisichozungumzwa sana ni kwamba modeli thelathini si mashahidi thelathini. ACCESS-CM2 ya Australia inatumia angahewa ya Ofisi ya Hali ya Hewa ya Uingereza; NorESM2 imejengwa juu ya ukoo wa CESM ya Marekani. Zikikubaliana, sehemu ya makubaliano ni undugu.

Zaidi ya hapo, modeli moja yenyewe haikubaliani na nafsi yake. Katika majaribio makubwa ya CESM, jaribio moja lilitofautishwa na jingine kwa kubadilisha joto la hewa la mwanzo kwa kiasi cha sehemu moja ya trilioni mia ya nyuzi, gesi zikiwa zile zile. Baada ya miongo, mielekeo ya miaka 50 ya majira ya baridi Amerika Kaskazini ilitofautiana kiasi kwamba mahali pamoja palipata joto kali katika jaribio moja na karibu kutobadilika katika jingine. Kwa hiyo ukiona modeli mbili zinatofautiana kuhusu mvua ya 2040, huenda hazitofautiani kwa lolote la maana. Ni bahati ya hali ya hewa tu. Kwa miongo miwili ijayo bahati hiyo na tofauti za modeli ndizo zinazotawala mvua ya eneo dogo. Senario ya gesi, iwe SSP1-2.6 yenye gesi chache au SSP5-8.5 yenye gesi nyingi sana, huanza kuonekana wazi baadaye, na kwenye joto mapema kuliko kwenye mvua.

Kuna pia modeli zenye joto kupita kiasi. Baadhi ya modeli za CMIP6 zina mwitikio wa zaidi ya nyuzi 5 kwa hewa ya ukaa maradufu, juu ya ule upana wa 2.5 hadi 4. Badala ya kuuliza "mwaka 2050 kutakuwaje", uliza "dunia ikifika nyuzi 2 kutakuwaje", kwa kutafuta katika kila modeli miaka 20 ambayo wastani wa dunia umefika hapo juu ya ule wa 1850 hadi 1900. Modeli kali inafika mapema, tulivu inachelewa, lakini picha ya kikanda ya nyuzi 2 inaweza kulinganishwa.

Unapochagua modeli tano kwa bajeti ndogo, usichukue tano za kwanza kwenye orodha ya kupakua. Chora mabadiliko ya joto mlalo na ya mvua wima, ondoa zilizoshindwa mtihani wa msimu, kisha chukua moja kutoka kila pembe na moja ya katikati. Na tafadhali usitoe wastani wa mvua pekee. Nusu zikisema ongezeko la asilimia 20 na nusu punguzo la asilimia 20, wastani ni sifuri, na sifuri hiyo hakuna modeli hata moja iliyoisema.

Mto na shamba

Katika mabonde makavu kosa la mvua halibaki lilivyo, linakua. Kazi zilizofanywa kwenye mabonde mengi ya Australia zilionyesha kwamba badiliko la asilimia 10 la mvua huleta badiliko la asilimia 20 hadi 35 la mtiririko. Mwegemo mdogo uliobaki kwenye mvua unazaa mto tofauti kabisa.

Uvukizaji ndio mtego wa pili. Kanuni ya Thornthwaite inahitaji joto tu, ndiyo maana inapendwa, lakini kwa sababu hiyo hiyo inadhani kila nyuzi ya joto ni kiu ya angahewa na inakausha dunia ya baadaye kupita kiasi. Penman-Monteith inahitaji mionzi, unyevu na upepo. Pale unapokuwa navyo, itumie. Modeli ya mto ipimwe pia kwa hali isiyoizoea: ifunze kwa miaka yenye mvua, ijaribu kwenye miaka ya ukame. Ikianguka hapo, haifai kuulizwa kuhusu hali ya hewa ambayo haijawahi kuwepo.

Kwa mazao, joto huharakisha kukomaa, siku za kujaza punje zinapungua, na mavuno hushuka hata mvua ikiwa tele. Hewa ya ukaa inaisaidia ngano na mpunga kwa kiasi. Mahindi yananufaika kidogo sana, hasa wakati wa ukame tu. Programu inayoyapa mahindi nyongeza sawa na ya ngano imesahaulika kuwekwa sawa.

Unapomkabidhi mtu faili, andika ndani yake, si kwenye barua inayoambatana nalo: jina la modeli ya dunia na ya kikanda, namba ya jaribio kama r1i1p1f1 (UKESM nyingi ni f2, na hilo si kosa la chapa), senario, kipindi cha marejeo, data ya vipimo na toleo lake, njia ya marekebisho na ilivyoshughulikia siku zinazovuka orodha, kalenda, vipimo. Andika pia ukubwa wa kisanduku cha modeli ya mwisho iliyotatua milinganyo, kando ya ukubwa wa mraba wa ramani. Faili ghafi usilifute. Toleo jipya la vipimo likitoka, marekebisho yote yanaanza upya kutoka kwake.